Bibi na Kanda za Msichana wa Kisimani

Krismasi iliyopita mchumba wa binti yangu alikuja kwetu Musoma na santuri. Alikuja na begi zima, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni kama nyama ya buchani, na mashine ya kuzipigia ameipakata kwenye basi tangu Dar es Salaam. Tulipomaliza kula akatukalisha sebuleni, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akateremsha sindano. Kisha akanigeukia mimi, mama mkwe wake mtarajiwa, akaniambia kwa upole wote: "Mama, muziki huu usipouelewa usijali. Unataka masikio yaliyozoea."

Gitaa likaanza kutiririka kutoka mbali, ngoma ikadunda nyuma yake kama mtu anayetwanga nyumba ya pili, halafu yule mwanamke akafungua kinywa. Nikainuka. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Binti yangu akanifuata kuuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamjibu amwambie mwenzake apunguze sauti. Kama ningeongeza neno, ningemfukuza kijana wa watu siku ya sikukuu.

Basi nakwambia wewe, ndugu yangu, maana wewe hutanifundisha habari za masikio.

Jina la kundi lile silitaji. Wanaolijua wanalijua, na nimesikia siku hizi kuna watu wanaotafuta kanda zao za zamani nchi hadi nchi na kuziweka kwenye makabati ya vioo. Wakae nazo. Mimi nililelewa na mtu aliyezikusanya kabla yao, Kisaka, wilaya ya Serengeti, miaka ya dhahabu. Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Hakujua kusoma. Kiswahili alikitumia pale tu alipotaka kumgombeza mtu asiyejua Kikurya. Na kama ni masikio, yake yalitobolewa na kuvutwa kimila tangu usichana wake hadi ndewe zikawa zinagusa mabega.

Bibi hakuwa mtu mwema wa kwenye hadithi. Alikuwa mkali. Aligombana na mbuzi, na mvua, na wakwe zake waliokwisha kufa. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikahamia nyumba ya Bibi, na baba akabaki kwenye nyumba yake upande wa pili wa boma. Asubuhi Bibi aliniamsha kwa kunivuta mguu. Tulikamua, tukafagia zizi, tukaenda kisimani, tukarudi kunywa uji wa ulezi uliochachuka kidogo, mweusi, mzito, unaoacha mchanga mwembamba ulimini. Mpaka leo uji wa dukani naunywa kwa dharau.

Halafu mchunga ng'ombe mmoja akaokota jiwe linalometa kwenye korongo, na maisha yale yakaisha.

Walikuja kama nzige. Watu wa Busawe, watu wa Tarime, Wasukuma, Wajaluo, watu wa ng'ambo ya mpaka waliosema "sasa" badala ya kuamkia. Hawakuuliza shamba la nani. Usiku mmoja palikuwa mihogo, kesho yake palikuwa duara, yaani shimo la mchimbaji, na kando yake lundo la udongo mwekundu juu ya mihogo yetu. Wanawake waliletwa kutwanga mawe kwenye vinu vya chuma, kutwa nzima, ngo, ngo, ngo, mpaka ukilala unaendelea kuyasikia ndani ya meno. Kisima chetu kikabadilika rangi. Bibi alipita kila asubuhi na panga mkononi akiwatukana kwa Kikurya, nao wakacheka, kwa sababu matusi usiyoyaelewa hayaumi.

Miongoni mwao alikuwepo mzungu mmoja, mpima miamba, aliyepiga hema juu ya kisima. Siku moja gari lake lilipita katikati ya ulezi wa Bibi, ulezi uliokuwa umebakiza siku chache tu uvunwe. Bibi akashuka na panga lake, nami nyuma yake. Tulimkuta ameketi na dereva wake kwenye kivuli cha gari, milango imeachwa wazi, na kutoka ndani ya gari inatoka sauti ya mwanamke.

Bibi akasimama. Sijawahi kumwona akisimama vile. Panga likashuka mpaka likagusa majani.

Kisha akaniambia nimuulize dereva, dereva amuulize mzungu wake: huyu mwanamke anasema nini? Mimi nikalitoa swali Kikurya nikalitia Kiswahili, dereva akalitia Kiingereza. Mzungu akacheka kidogo, akajibu, na jibu likarudi kwa njia ileile.

"Anasema hata yeye hajui," dereva akaniambia. "Anasema si lugha ya mtu yeyote. Maneno anayatunga tu mdomoni."

Nilipomfikishia Bibi, alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikidai. "Ndiyo maana nimemsikia," akasema. "Wengine wote hapa wananipigia kelele kwa lugha zao."

Kisha akakumbuka ulezi wake. Akamwambia mzungu, kupitia vinywa vyetu viwili, kwamba amekanyaga chakula cha nyumba yake na kwamba atalipa kwa kumtoa huyo mwanamke ndani ya gari. Mzungu akatazama panga, akatazama ulezi uliolala chini, akabonyeza redio ya gari. Kanda ikatoka. Bibi akaichukua, akaigeuza huku na huku, akaitia kifuani ndani ya kanga. Tulipofika nyumbani ndipo tulipogundua kwamba hatuna cha kuipigia.

Aliuza ndama dume akanunua redio kaseti. Baba hakusema neno mbele yake, lakini aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuza: "Ndama mzima kwa kelele." Alilishika neno hilo moyoni. Nalijua kwa sababu nami nimelishika.

Kuanzia hapo maisha yetu yakawa na kazi mpya. Betri zilianikwa juu ya bati la jikoni pamoja na dagaa, zipate moto, zitoe nguvu ya mwisho. Kanda ilirudishwa nyuma kwa kijiti cha mtama ili betri zisiliwe bure. Redio ilipoitafuna, tuliiunga kwa rangi ya kucha ya shangazi na kuipuliza mpaka ikakauka. Bibi alimwita mwimbaji Msichana wa Kisimani, kwa sababu, alisema, anaimba kama mtu aliyeinama juu ya maji akiogopa kutumbukia. Gitaa lile alisema ni ritungu lililolowa. Ritungu ni zeze letu la nyuzi nane, Bibi alilijua vizuri, mumewe alikuwa mpigaji, na hakupenda kusifia chombo kingine. "Limelowa," alisema, "lakini linajua linakokwenda."

Shangazi yangu, binti wa Bibi, alikuwa ameolewa upande wa Kenya, na kwa njia hiyo tulipata soko la Sirari, hapo mpakani. Tulipita huko tukienda kumtembelea, lakini shabaha ya Bibi ilikuwa vibanda vya kanda. Hakuwa na jina la kuuliza. Alisimama mbele ya muuza kanda, kijana Mkenya mwenye miwani ya jua, katikati ya ngoma za kila aina zinazogombana kutoka kila kibanda, akafumba macho na kumwimbia.

Watu wakakusanyika kucheka. Kijana naye akacheka, halafu akaacha.

"Rudia hapo, shosho."

Bibi akarudia.

"Ngoja, hii naijua! Ni wale wazungu wanaoimba kama wako ndani ya ukungu. Kuna mzungu wa misheni aliuza vitu vyake akiondoka, ziko ndani ya boksi, hakuna mtu hutaka." Akapekua chini ya meza, akatoa moja, akaipiga. Bibi alisikiliza mpaka katikati ya wimbo wa kwanza, akasema: "Huyu ni mdogo. Hapa bado ana hasira. Ngoma zinamkaba. Nataka huyu pia, lakini nataka na yule mkubwa."

Kijana yule alizoea kutuwekea. Kila tulipovuka kwenda kwa shangazi, Bibi alipeleka kuku au asali na kurudi na kanda, mpaka zikawa sita, zinakaa ndani ya kopo la biskuti lililofungwa kitambaa. Alizipanga kwa namna aliyoijua yeye. Hii kabla msichana hajaumizwa. Hii ameumizwa. Hii amezaa, alisisitiza kwamba amezaa, sikia anavyoshusha pumzi. Nikamuuliza atajuaje. Akaniuliza kama mimi nahitaji kuambiwa ng'ombe gani amezaa nikisikia analia.

Jioni, kazi zikiisha, aliweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa, tukakaa mlangoni, tukatafuna mahindi ya kuchoma, na ile sauti ikapanda juu ya vinu vya chuma na juu ya matusi ya wachimbaji, ikaenda. Nilikuwa mtoto mwenye hasira, katika mahali penye hasira, na pale mlangoni ndipo pekee ambapo hasira yangu ilikaa chini. Usinidai nieleze zaidi.

Wenzetu hawakuipenda. Mchungaji alihubiri kwamba sauti isiyo na lugha ni ya mashetani. Bibi alimngoja nje ya kanisa. "Wewe ukinena usichokijua unasema ni Roho," akamwambia mbele ya waumini. "Huyu akinena ni shetani. Nani kakupa kupima?" Hatukurudi kanisani kwa muda mrefu.

Lakini mchungaji alikuwa na maneno tu. Jirani yetu alikuwa na duara. Lilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwetu, kwenye kipande kilichokuwa cha Bibi mpaka jirani alipoamua kwamba ni chake, na kwa msimu mmoja lilitema dhahabu vizuri. Jirani akajenga nyumba ya matofali, akanunua pampu ya dizeli ya kuvuta maji shimoni, akaanza kutembea katikati ya njia. Halafu mshipa wa dhahabu ukapotea. Walichimba kushoto, wakachimba kulia, wakapata mawe matupu.

Sasa, wachimbaji wana miiko yao. Hupigi mluzi karibu na duara. Mwanamke hasogei. Dhahabu, wanasema, ina wivu na ina masikio. Jirani akaenda kwa mganga, akarudi na jibu ambalo hata mimi ningeweza kumpa bila kulipwa kuku: kuna sauti ya mwanamke aliyekufa inaifukuza dhahabu yake.

Akaja mchana na wanaume wanne. Bibi alikuwa akimenya muhogo.

"Mama, tunaomba uzime hiyo kitu," jirani akasema. "Kabisa. Isipigwe tena hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa karibu na duara langu."

"Duara lako liko kwenye mihogo yangu. Liondoe, halafu tuje tuzungumze habari za redio."

"Mama, kuna watu wamewekeza jasho mle ndani."

"Mimi nimezaa hapa. Jasho gani unanionyesha?" Na bila kuinuka akaniambia: "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Niliongeza mpaka spika ikakoroma. Walimtazama, wakanitazama mimi, na wakaondoka, kwa sababu kwetu kumwekea mkono bibi kizee ni kuuitia laana ukoo wako mzima, na hakuna dhahabu inayolipa hiyo. Siku zile mawe yalianguka kwenye bati letu. Mbuzi wetu alikutwa amekatwa mguu. Nikienda kisimani wanawake wa vinu walinyamaza na kunipisha kama mgonjwa. Bibi alipiga kanda asubuhi, mchana na jioni. Sitakuficha: hakupiga tena kwa mapenzi tu. Alipiga kama mtu anayerusha mawe, na mimi nilifurahi.

Jirani alipoona hamwezi mama, akamwendea mwana. Alimwahidi baba fungu kwenye duara. Sikuyasikia mazungumzo yao, lakini niliona baba ameanza kuvaa buti za mpira na kukaa kwenye kivuli cha wachimbaji.

Siku ya gulio mimi na Bibi tulikwenda kutafuta betri. Tulirudi alasiri, betri mpya kwenye kikapu, Bibi akiimba chinichini njia nzima kwa sababu ya hizo betri. Tulianza kusikia harufu kabla ya kuona moshi. Harufu ya plastiki inayoungua ni chafu, inashika koo. Kwenye mdomo wa duara palikuwa na kamoto kadogo, na kando yake kopo la biskuti, wazi, limelala ubavu. Utepe mmoja ambao haukushika moto ulikuwa umekokotwa na upepo mpaka kwenye miba, unameta.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, anakula. Hakuna mgeni angejua kopo linakaa wapi.

"Ni wewe," Bibi akasema.

"Mama, ni plastiki tu."

"Na ngozi ya ng'ombe ni ngozi tu. Kamuulize ng'ombe."

"Tunataka kula! Watu wote wanapata, sisi tunakaa na mkosi wetu tunausikiliza. Ulitaka nifanye nini?"

Bibi hakumlaani. Nilikuwa nangoja amlaani. Nilitaka. Alichukua kikapu, akanikabidhi zile betri, akaingia ndani akafunga mlango. Jirani alichinja mbuzi jioni ile, wakala nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, kwa kelele, na baba alikula nao.

Asubuhi yake wachimbaji walipokuwa wakishuka shimoni, Bibi alitoka na kigoda chake. Alipita kati yao, wakampisha. Akakiweka ukingoni kabisa mwa duara, akaketi, akaweka mikono magotini, na akaimba.

Aliimba kanda ya kwanza yote. Upande wa kwanza na upande wa pili. Alizijua zote, ndugu yangu, sauti kwa sauti, na mahali pa gitaa alinguruma kifuani, na sauti yake ya kizee ilishuka ndani ya lile shimo, ikagonga kuta, ikapanda ikiwa tatu, nne, imelowa kama ilivyokuwa kwenye redio. Nilikuwa nimesimama kando ya zizi na ndoo mkononi. Sikuwahi kuisikia vizuri hivyo na sijaisikia tena.

Kutoka chini mtu akapiga kelele avutwe. Wakamvuta. Akatoka mwingine.

Jirani akaja mbio. "Mama, ondoka hapo! Ondoka!" Alikuwa analia kwa hasira, mikono ameifunga nyuma ili isimponze. Akamgeukia baba. "Mwondoe mama yako!" Baba alisogea hatua chache, akasimama. Bibi hakugeuza hata shingo. Jirani akakimbilia pampu, akaiwasha ili ngurumo yake imfunike, na ikamfunika kweli, mpaka dizeli ilipokwisha. Pampu ikakohoa, ikazima, na katika ule ukimya Bibi alikuwa amefika kanda ya tatu.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku iliyofuata. Wachimbaji walikuwa watu wa mbali, hawakujua laana za kwetu wala hawakutaka kuzijaribu. Kwanza waliondoka Wasukuma. Halafu pakasikika kwamba kuna mahali pengine kumetema, na waliobaki wakakunja maturubai yao. Jirani alishuka mwenyewe shimoni kwa wiki kadhaa. Mwishowe aliuza pampu. Baba hakupata fungu lolote, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugawa.

Usifikiri tulishinda. Shamba lilibaki mashimo. Ulezi tulioupanda ulitoka wa manjano ukafa ukiwa na kimo cha kidole. Kisima tulikiacha kwa sababu ya zebaki waliyosafishia dhahabu yao, tukawa tunateka mbali. Na Bibi, siku duara lilipobaki tupu, alirudisha kigoda ndani na hakuimba tena. Nilimwomba, nikamsumbua. "Nimezimaliza," akasema. Alifariki nikiwa shule ya bweni Tarime, na nilipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Kwa hiyo sikufurahi kuona santuri zile kwenye meza yangu ya sebuleni. Si kosa la kijana, najua.

Januari nilikwenda Kisaka. Siku hizi mashimo yamejaa maji ya mvua, yamezungushiwa miba ili mifugo isitumbukie, na vyura ndio wanaopiga kelele pale palipokuwa na vinu. Jirani alihama zamani, nyumba yake ya matofali haina paa. Mlangoni tulipokuwa tukikaa pamebaki msingi na jiwe la kusagia lililopasuka. Nilizunguka kwa nyuma, kwa njia ya zizi, kwa sababu huwa sina haraka ya kumwona baba.

Alikuwa peke yake uani, mzee sasa, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa anaimba chinichini. Sikuamini mwanzoni. Ilikuwa kanda ya pili, wimbo wa tatu, maneno yale yasiyo ya mtu yeyote, hakukosea hata moja. Hakujifunza redioni, maana redioni hakuwahi kukaa nasi. Palipokuwa na ile sauti ndefu inayopanda, alikata katikati, akavuta pumzi, akaendelea. Msichana wa Kisimani hapumui pale. Bibi ndiye aliyekuwa akipumua pale, siku zile za ukingoni mwa duara, kwa sababu ya kifua chake cha kizee.

Nilimchukia kuliko siku ya moto. Katika watu wote, abaki yeye nayo. Nikasimama nyuma ya zizi, mkono kwenye boriti, nikangoja mpaka akamaliza wimbo wote. Ndipo nikapita mbele yake nikamwamkia shikamoo, kwa sauti ileile kavu ya siku zote, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mpini.